Waranti Mnayotuuzia Ifike Mvumi: Barua ya Wazi kwa Waagizaji na Wauzaji wa Mashine za Gemu

Kwenu waagizaji na wauzaji wa mashine za gemu,
Kariakoo, Dar es Salaam, na Dodoma mjini.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Ndugu wafanyabiashara,

Nawaandikia kutoka Mvumi, wilaya ya Chamwino, kwa heshima wanayostahili watu wanaotuletea bidhaa ambazo sisi wenyewe tusingeweza kuzifuata Dubai wala Guangzhou. Najua mna kodi ya pango, ushuru wa bandarini na wateja wasumbufu. Mimi pia nafanya biashara. Nina banda la gemu hapa Mvumi Mission, lenye runinga, mabenchi ya mbao na vijana wanaolipia mechi kwa sarafu za mia mbili mia mbili. Mtaji wake ulitoka kwenye zabibu, na anayejua kazi ya shamba la zabibu anajua fedha hiyo haipatikani kwa mchezo.

Naandika kwa sababu mashine niliyoinunua ikiwa mpya, yenye waranti ya mwaka mzima iliyogongwa muhuri, ilikufa kabla ya mwaka kwisha na haikutengenezwa. Ilikuwa inawaka taa, feni inaanza kuvuma, kisha inazima kabla picha haijatokea kwenye runinga. Dukani waliipokea, wakasema itapelekwa Dar es Salaam. Ilikaa huko hadi nikakata tamaa, ikarudi na ugonjwa ule ule pamoja na jibu la mdomo: "Umeme wenu wa kijijini ndio umeiua." Sikupewa karatasi wala jina la fundi, na hakuna kipande kilichoungua nilichoonyeshwa. Duka lenyewe silitaji, kwa sababu habari hii nimeisikia pia kwa wenye mabanda wenzangu walionunua kwingine.

Neno langu kwenu ni moja. Waranti ni sehemu ya bidhaa tuliyoilipia. Kama hamuwezi kuitimiza kwa mtu wa Mvumi, msimuuzie; mkishamuuzia, itimizeni. Sababu zangu ni hizi.

1. Waranti tunailipia.

Mteja akisimama kaunta akauliza mbona hii mpya ina bei kubwa kuliko ile iliyotumika, jibu la kwanza analopewa ni kwamba hii ina waranti. Basi waranti imeuzwa. Ina bei yake ndani ya bei ya mashine, na sisi tunaotoka mbali ndio inaotushawishi kuliko mtu mwingine yeyote. Mtu wa mjini mashine ikimgomea ana mafundi mtaa wa pili. Mtu wa Mvumi anaongeza fedha ili alale usingizi. Siku mashine inapokufa akaambiwa waranti haimhusu, ameuziwa hewa.

2. Mnachanganya waranti ya kiwanda na waranti ya duka.

Sony, Microsoft na Nintendo hutoa waranti kwa maeneo. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Ghuba au la Ulaya huhudumiwa huko. Tanzania haimo hata kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation Network. Vijana wetu wote hufungua kwa kuchagua nchi nyingine. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, mchezo uliondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Hivyo ndivyo tulivyo mbali na kiwanda.

Kwa hiyo muuzaji anaponiambia "hii ina waranti ya kampuni", ananielekeza kwenye mlango ambao kwangu haupo. Mlango wangu ni yeye. Yeye ndiye aliyechukua fedha, ndiye anayemjua aliyeiagiza, na ndiye mwenye namna ya kuirudisha ilikotoka. Kama waranti ni ya duka, semeni ni ya duka, na duka liwajibike. Kama hakuna yoyote, semeni hakuna, na bei ishuke.

3. Si kila ugonjwa ni umeme.

Umeme wetu una matatizo, na sitabishana na ukweli huo. Unakatika, unarudi kwa kishindo, na jioni watu wote wanapowasha vitu vyao unapungua nguvu. Volti 230 zilizoandikwa kwenye karatasi hazifiki hivyo kila saa. Ndiyo maana banda langu lina stebilaiza na kila mashine imechomekwa kwenye kifaa cha kulinda umeme. Lakini mashine iliyouawa na umeme huwa na alama. Mara nyingi kidonda huanzia kwenye pawasaplai: fyuzi imekatika, kapasita imevimba kichwa, au kuna doa jeusi kwenye bodi na harufu ya kuungua. Fundi aliyeifungua kweli anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Magonjwa mengine yana vyanzo vyake, nanyi mnavijua. Kuna pedi inayomfanya mchezaji kwenye skrini atembee peke yake, hakuna aliyeigusa. Ndani ya kile kijiti kuna kipande kinachosugua utando wa kaboni kila kijiti kinapozungushwa. Utando ukilika, pedi inatuma amri ambayo hakuna aliyeitoa. Pedi ya siku hizi inatembea kwa betri yake yenyewe. Umeme wa nguzo umeingiaje hapo? Kuna mashine inayozungusha CD kisha inaitema: hapo lenzi imechoka au mota yake imedhoofu. Kuna inayowaka na kuzungusha feni bila kutoa picha: mara nyingi ni tundu la HDMI lililopinda pini, au chipu inayolihudumia. Kuna inayozima kila ikipata joto: pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka, au njia ya hewa imeziba. Kila ugonjwa una dawa yake, na kila dawa ina bei yake. Kuyafunga yote kwenye neno "umeme" ni kukataa kuangalia.

Na viwanda vyenyewe hukosea. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005, na nyingi ziliwasha taa tatu nyekundu kisha zikafa. Julai 2007 Microsoft ilirefusha waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili yake. Miaka mingi baadaye, wahandisi wa kampuni hiyo walieleza kwamba joto la kuwashwa na ubaridi wa kuzimwa, kwa kurudiarudia, vilikuwa vinapasua viunganisho vya ndani. Mamilioni ya watu walikuwa wameshika mashine zenye kasoro ya kuzaliwa. Kama kila mmoja angejibiwa kwamba ni umeme wa nyumbani kwake, kasoro hiyo ingebaki mzigo wa wanunuzi.

Mashine hiyo hiyo ina somo jingine kwetu. Adapta yake ya soko la Marekani ilitengenezwa kwa umeme wa huko, ambao ni kama nusu ya volti zetu. Aliyeiingiza nchini na kuiuza bila kubadilisha adapta ndiye aliyeiunguza, hata kama moshi ulitokea chumbani kwa mteja.

4. Kibandiko cha kwenye skrubu hakilijui vumbi la Dodoma.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Ardhi ya Mvumi imechoka kwa mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1986 mifugo yote iliondolewa katika eneo hili chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Vumbi letu ni habari ya serikali tangu enzi za wazazi wetu. Muuzaji wa Dodoma hawezi kusema hakujua anamuuzia nani.

Sasa, mashine ya gemu ina feni inayovuta hewa na kuipitisha kwenye mapezi membamba ya chuma ili kupoza prosesa. Fungua mashine iliyofanya kazi hapa kiangazi kimoja. Mapezi hayaonekani. Yamefunikwa na tabaka la kijivu lililoshikana kama sufi, na ukilibandua kwa brashi linatoka kipande kizima. Ikisafishwa na kuwekewa pesti mpya, mashine inapoa na feni inatulia. Isiposafishwa, feni inapiga kelele mpaka siku inapozima moja kwa moja.

Lakini ili uisafishe ni lazima uifungue, na juu ya skrubu kuna kibandiko kinachosema ukikitoa, waranti imekufa. Basi mteja wa Dodoma amebanwa pande zote. Akisafisha, mnasema amefungua. Asiposafisha, mnasema ni vumbi. Aprili 2018, Tume ya Biashara ya Marekani iliyaonya kwa barua makampuni sita, yakiwamo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu masharti ya waranti ya namna hiyo. Kibandiko ambacho hakiwezi kumnyima haki mtu wa Chicago hakina sababu ya kuninyima mimi wa Mvumi.

5. Waranti inaliwa na safari na kusubiri.

Kutoka hapa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 40. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 400. Nauli ya kuipeleka mashine ni yangu, ya kuifuatilia ni yangu, simu za kuuliza imefikia wapi ni zangu. Na wakati wote huo mwaka wa waranti unaendelea kuhesabiwa, mashine ikiwa mikononi mwenu. Kuna watu waranti yao imekwisha mashine ikiwa bado imefungwa kwenye boksi lake, inasubiri fundi.

Umbali si kisingizio tena. Mabasi yanabeba vifurushi kila siku, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache. Kipuri cha Kariakoo kinaweza kufika Dodoma kesho yake. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu la kukituma.

6. Kuna vilivyotumika na vya bandia vinavyouzwa kama vipya.

Boksi limefungwa upya kwa plastiki safi, lakini namba iliyo chini ya mashine si ile iliyo kwenye boksi, na skrubu zina mikwaruzo ya bisibisi. Pedi ina nembo ya kampuni, lakini ni nyepesi mkononi, vitufe vinacheza, na haimalizi msimu wa ligi. Sina ugomvi na bidhaa iliyotumika. Wengi wetu tulianza nayo na inatufaa. Nagomba na anayeichukua iliyotumika akaiuza kwa bei ya mpya, kisha akaipa waranti anayojua hataitimiza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wapo kati yenu wanaosema wazi "hii imetumika, ijaribu hapa hapa kabla hujalipa". Hao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mteja aliyedanganywa na duka moja huacha kuyaamini yote.

7. Sheria ipo, na haikuandikwa kwa ajili ya friji na magari peke yake.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na waranti ni miongoni mwa mambo ambayo muuzaji haruhusiwi kuyasemea uongo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa kuifanya. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulika na bidhaa za bandia. Ule mstari mnaouchapa chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", haumpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kibovu kwa maneno mazuri.

Kwingine sheria kama hizi zinauma. Mwaka 2020 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Sony Europe dola milioni 3.5 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja wa PlayStation kuhusu haki yao ya kurudishiwa fedha za michezo yenye kasoro. Ilikuwa michezo tu, bidhaa ya kijana aliyekaa sebuleni kwake, lakini tume ya ushindani ya huko iliisimamia kama inavyosimamia bidhaa nyingine. Huku kwetu mtu akilalamikia mashine ya gemu anaambiwa aache utoto.

Kwa hayo yote, haya ndiyo ninayowaomba ninyi wauzaji na waagizaji:

a) Waranti iandikwe kwa Kiswahili, ikae pamoja na risiti ya EFD, na itaje namba ya mashine. Iseme anayetengeneza ni nani, yuko wapi, kwa siku ngapi, ni ugonjwa gani unahusika na upi hauhusiki. Maneno ya mdomo yasiitwe waranti.

b) Wekeni fundi wa waranti Dodoma mjini. Vijana waliosoma elektroniki VETA wapo. Wapeni mafunzo na vipuri vinavyohitajika kila siku: vijiti vya pedi, tundu la HDMI, feni, lenzi, pawasaplai na pesti ya kupozea. Mnaweza kuungana maduka kadhaa mkamlipa mmoja.

c) Mashine itengenezwe ndani ya siku 14. Zikipita, mteja apewe nyingine au arudishiwe fedha. Siku ambazo mashine iko kwenu ziongezwe kwenye waranti, na gharama ya kuituma Dar es Salaam ibebwe na muuzaji.

d) Mkikataa kutengeneza, kataeni kwa maandishi: jina la fundi, alichokikuta, picha ya kilichoungua, na kipande chenyewe kirudishwe kwa mteja. Anayesema ni umeme athibitishe kuwa ni umeme.

e) Kusafisha vumbi kusifute waranti. Na kwa mashine mnazouza kanda hii, ingizeni usafishaji mmoja kwa mwaka ndani ya waranti. Hautawafilisi, na utapunguza mashine zinazorudi kwenu zikiwa zimekufa.

f) Kilichotumika kiuzwe kwa jina la kilichotumika. Adapta isiyoendana na volti 230 isitoke dukani.

Kwenu waheshimiwa wa Tume ya Ushindani na TBS, ombi langu ni fupi. Tume itoe mwongozo wa lazima wa waranti ya vifaa vya elektroniki, na iwape maofisa biashara wa halmashauri, ikiwamo Chamwino, fomu na uwezo wa kupokea malalamiko, ili mtu asilazimike kupoteza siku nzima kutafuta haki ya pedi moja. TBS iangalie adapta na pawasaplai za mashine zinazoingizwa kwa wingi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima, na wauzaji walijifunza kuuza simu halali. Serikali iliyoweza hilo kwa simu inaweza kusimamia kipande cha karatasi kinachoitwa waranti.

Ndugu zangu, wapo watakaosema huu ni ugomvi wa michezo ya watoto. Banda la gemu ni ajira ya mwenye banda, ya kijana anayekusanya fedha jioni, ya fundi anayechomelea tundu la HDMI, na ni duka lenu la kesho. Mashine moja ikifa bila kutengenezwa, nusu ya mapato ya banda dogo inaondoka siku hiyo hiyo, lakini marejesho ya kikundi cha mikopo hayasubiri. Mwenye mtaji mdogo akipigwa hivyo mara mbili anafunga, na anawaambia wote wanaomuuliza kwamba mashine mpya haina faida. Wanakwenda kwenye iliyotumika isiyo na risiti. Kodi inapotea, soko lenu la bidhaa mpya linakufa, na ninyi mnaofanya biashara safi mnabaki mnashindana na wanaouza gizani.

Sisi wenye mabanda hatuna chama kikubwa, lakini tunazungumza. Nakala ya barua hii nitaibandika kwenye ukuta wa banda langu, na nitawapa wenzangu wa Chamwino waibandike kwenye yao. Mashine ninayokusudia kununua msimu ujao nitainunua kwa muuzaji wa kwanza atakayekubali kuniandikia masharti hayo sita na kutia sahihi. Awe wa Kariakoo au wa Dodoma, jina lake nitalitaja kwa sifa kwa kila atakayeniuliza wapi pa kununua. Milango yenu iko wazi na fedha yangu iko tayari. Nasubiri karatasi.

Wenu katika biashara,

Mwenye banda la gemu,
Mvumi Mission, Chamwino, Dodoma.